Congiuntivo imperfetto ya Kiitaliano: namna ya kuiunda na mahali pa kuiweka

Swali huja kwa sura nyingi, lakini ni lile lile. Mwongoza watalii wa Watamu anauliza kwa nini wageni wake wa Kiitaliano humsahihisha kila anaposema "se avrei". Sista anayejiandaa kwenda kusoma Roma anauliza fossi imetoka wapi wakati kitenzi chenyewe ni essere. Mwanafunzi aliyefika Perugia anauliza kwa nini vorrei che hufuatwa na kitenzi chenye sura ya wakati uliopita ilhali yeye anazungumzia kesho. Wote watatu wamekwama mahali pamoja: congiuntivo imperfetto, umbo la kitenzi (kama fossi, avessi) linalotumika kwa mambo ya kudhani, kutamani na kuweka sharti.

Mwongozo huu ni wako wewe unayejifunza Kiitaliano huku ukifikiri kwa Kiswahili. Kuunda umbo lenyewe ni kazi ya jioni moja; vitenzi vinavyokataa kanuni ni vitatu tu. Kazi iliyobaki, na ndiyo kubwa, ni kujua umbo hili linakaa upande gani wa sentensi. Hapo Kiswahili chetu kinatuvuta kwenye kosa moja ambalo karibu kila mmoja wetu hulifanya. Utaliona kwenye hatua ya 5, na nakuomba usilipite haraka.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Uijue imperfetto ya kawaida (wakati uliopita wa kuendelea au wa mazoea), ile ya parlavo, facevo, dicevo. Kama bado inakutatiza, irudie kwanza, kwa sababu hatua ya 1 imejengwa juu yake.
- Uijue condizionale presente (umbo la "ningefanya") ya vitenzi vichache vinavyotumika kila siku: sarei, avrei, farei, verrei, andrei, potrei, vorrei.
- Daftari lenye kurasa mbili zinazotazamana. Ukurasa wa kushoto uandike SE juu yake, yaani "kama". Wa kulia uandike MATOKEO.
- Mahali ambapo unaweza kusema kwa sauti bila kuona haya. Umbo hili hukosewa mdomoni kama linavyokosewa kwenye karatasi.

Passato remoto, wakati uliopita wa masimulizi, si lazima uijue. Congiuntivo presente (venga, sia, abbia) itakusaidia kwenye hatua ya 6, lakini unaweza kuanza bila kuimudu yote.

Hatua ya 1: Kata -vo, bandika -ssi

Vitabu vingi hukuanzishia kwenye infinito (umbo la kamusi: parlare, kuongea), kisha hukupa orodha ndefu ya vitenzi visivyofuata kanuni. Kuna njia fupi zaidi. Chukua nafsi ya kwanza umoja ya imperfetto, kata -vo, bandika -ssi:

- parlavo, parla-, parlassi
- credevo, crede-, credessi
- dormivo, dormi-, dormissi

Sasa tazama vile vinavyoitwa vigumu:

- facevo, face-, facessi
- dicevo, dice-, dicessi
- bevevo, beve-, bevessi
- traducevo, traduce-, traducessi
- proponevo, propone-, proponessi

Vyote vimetii. Ugumu wa fare, dire na bere ulikwisha siku ulipojifunza facevo, dicevo na bevevo. Ndiyo maana nasisitiza uanzie hapo. Anayeanzia kwenye infinito huishia kuandika "fassi" au "dissi". Hiyo ya kwanza haipo. Ya pili ipo, ila ni passato remoto ya dire, maana yake "nilisema".

Angalia pia vitenzi vya kundi la capire na finire, vile vinavyoingiza -isc- kwenye wakati uliopo: capisco, finisco. Hapa -isc- haimo kabisa. Ni capivo, kwa hiyo capissi. Finivo, kwa hiyo finissi.

Hatua ya 2: Viishio sita

Shina ukishalipata halibadiliki tena. Kinachobadilika ni mwisho:

- io: -ssi
- tu: -ssi
- lui, lei, Lei: -sse
- noi: -ssimo
- voi: -ste
- loro: -ssero

Kwa avere: avessi, avessi, avesse, avessimo, aveste, avessero. Kwa venire: venissi, venissi, venisse, venissimo, veniste, venissero. Kwa fare: facessi, facessi, facesse, facessimo, faceste, facessero.

Mambo matatu hapa huwaponza wengi.

Kwanza, io na tu zinafanana. Pensava che fossi stanco inaweza kuwa "alidhani nimechoka" au "alidhani umechoka". Kiitaliano, ambacho kwa kawaida huacha viwakilishi nyuma, hapa huvirudisha: pensava che io fossi stanco, pensava che tu fossi stanco. Pale ambapo msikilizaji anaweza kuchanganyikiwa, kitaje kiwakilishi.

Pili, voi ina s moja tu, ikifuatwa na t: parlaste. Usiandike "parlasste" wala "parlassite".

Tatu, Lei ya heshima huchukua -sse. Ukiwa kazini hotelini, au unaongea na profesa au mzee wa watu, ni se Lei volesse. Ukisema se tu volessi umemshusha cheo mtu uliyetaka kumheshimu.

Hatua ya 3: Vitenzi vitatu vya kukariri

Vinavyokataa kanuni ya hatua ya 1 ni hivi tu:

- essere: fossi, fossi, fosse, fossimo, foste, fossero
- dare: dessi, dessi, desse, dessimo, deste, dessero
- stare: stessi, stessi, stesse, stessimo, steste, stessero

Fossi imetokana na fuissem ya Kilatini, kwa hiyo aliyepitia Kilatini cha Kanisa ataitambua sura yake. Asiyekijua aikariri tu, kwani atakutana nayo kila siku kuliko kitenzi kingine chochote kwenye ukurasa huu.

Kwa dare na stare, kumbuka kwamba a imegeuka kuwa e. "Dassi" na "stassi" utazisikia hata kwa Waitaliano kadhaa, lakini huhesabiwa kosa, na kwenye mtihani zitakukata alama. Andare haimo kwenye kundi hili ijapokuwa inafanana na dare kwa sikio: andavo, kwa hiyo andassi.

Hatua ya 4: Itamke kabla hujaitumia

Usiiruke hatua hii. Kiswahili kina tabia mbili zinazogongana na umbo hili.

Ya kwanza ni mkazo. Sisi tunaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila mara, bila kufikiri. Kwa parlassi na parlasse hilo linafaa: par-LAS-si, par-LAS-se. Lakini kwa noi na loro mkazo haushuki; unabaki palepale: par-LAS-si-mo, par-LAS-se-ro. Ukitamka "parlasSImo" au "parlasSEro" utaeleweka kwa shida. Iga neno ambalo bila shaka umelisikia mara nyingi, bellissimo. Hakuna anayesema "bellisSImo". Facessimo, avessimo na fossimo hufuata mdundo huo huo.

Ya pili ni ss. Kiswahili hakina konsonanti ndefu za namna hii, kwa hiyo sikio letu huziona s mbili kama moja. Kwa Mwitaliano ni sauti mbili tofauti: casa ni nyumba, cassa ni pale unapolipia dukani. Shikilia s kidogo, kama mtu anayenyamazisha mtoto, kisha achia irabu. Fos-se. Aves-si.

Zoezi: soma kwa sauti fossi, fossi, fosse, fossimo, foste, fossero, mkazo ukiwa kwenye fo- kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisha fanya vivyo hivyo kwa avere na fare. Vikikaa hivyo vitatu, vingine vitafuata.

Hatua ya 5: Sentensi ya se

Tazama sentensi hii:

Ningekuwa na nafasi, ningekuja nanyi.

Kiambishi -nge- kimeingia pande zote mbili. Kwetu ndivyo inavyotakiwa. Kiitaliano kinagawa kazi: upande wenye se huchukua congiuntivo imperfetto, na upande wa matokeo huchukua condizionale.

Se avessi tempo, verrei con voi.

Mswahili anayetafsiri kichwani hutaka umbo moja pande zote, kama alivyozoea. Na kwa kuwa alijifunza vorrei na sarei mapema, ili aweze kuagiza kahawa na kuomba chumba, ndizo zinazomjia haraka. Matokeo yake ni "Se avrei tempo, verrei con voi". Hilo ndilo kosa la "se avrei", na kwa masikio ya Waitaliano linakwaruza sana. Watoto wao hurekebishwa kosa hilo hilo shuleni.

Dawa ni daftari lako. Kila -nge- unayotaka kuitafsiri, jiulize: hii ni ya sharti au ni ya matokeo? Ya sharti iandike kushoto, kwenye SE, na lazima iwe na ss (au ste ikiwa ni voi). Ya matokeo iandike kulia, iwe na -rei, -resti, -rebbe na wenzake. Baada ya kurasa chache mkono utajua wenyewe.

Mifano ya kujazia:

- Se fossi in te, aspetterei la bassa marea. Ningekuwa wewe, ningesubiri maji yapwe.
- Se parlassero più piano, capirei tutto. Wangeongea polepole, ningeelewa yote.
- Se abitassimo più vicino, ci vedremmo spesso. Tungekaa karibu zaidi, tungeonana mara kwa mara.
- Se non piovesse, andremmo a Gedi. Kama mvua isingekuwa inanyesha, tungekwenda Gedi.
- Che cosa faresti se perdessi il passaporto? Ungefanya nini kama ungepoteza pasipoti?

Angalia huo wa mwisho: se imekuja nyuma. Mpangilio haubadilishi kitu. Popote se ilipo, ss iko nayo.

Sasa linganisha -nge- na jirani zake wawili, kwa sababu si kila se inataka umbo hili:

- -ki-: Nikipata nafasi, nitakuja. Se avrò tempo, verrò. Au kwa mazungumzo: se ho tempo, vengo. Hakuna congiuntivo hapa.
- -nge-: Ningepata nafasi, ningekuja. Se avessi tempo, verrei.
- -ngali-: Ningalipata nafasi, ningalikuja. Se avessi avuto tempo, sarei venuto (mwanamke atasema venuta).

Katika mazungumzo ya kila siku wengi wetu tunatumia -nge- hata kwa jambo lililokwisha pita. Kiitaliano hakiruhusu hilo. Kabla hujaandika, jiulize kama nafasi bado ipo au imeshapotea. Ikiwa imepotea, ongeza avessi au fossi pamoja na participio (umbo kama avuto, arrivato): se fossi arrivato prima, ti avrei visto. Umbo hilo huitwa congiuntivo trapassato, na kama umefika hapa umeshalijua nusu, maana avessi na fossi unazo tayari.

Kuna se moja inayokubali condizionale: ile ya kuuliza au kuwa na shaka, yenye maana ya "iwapo". Non so se potrei farlo, sijui kama ningeweza kulifanya. Hapo hakuna sharti wala matokeo, kuna swali lililofichwa. Ukiona sentensi kama hiyo gazetini usidhani kanuni imevunjwa.

Na upande wa pili si lazima uwe condizionale. Kwa adabu, hasa kazini, Waitaliano husema: se avesse bisogno di qualcosa, mi chiami. Ukihitaji chochote, nipigie. Huo ni usemi unaofaa kuukariri ulivyo kwa yeyote anayepokea wageni, Malindi, Zanzibar au Milano kwenyewe.

Hatua ya 6: Kitenzi kikuu kikirudi nyuma, cha pili kinakifuata

Kwa Kiswahili tunasema "nataka uje" na "nilitaka uje". Uje imebaki ilivyo, wakati wowote. Kiitaliano hubadilisha zote mbili:

- Voglio che tu venga. Volevo che tu venissi.
- Spero che stia bene. Speravo che stesse bene.
- Penso che sia chiuso. Pensavo che fosse chiuso.
- Ho paura che piova. Avevo paura che piovesse.
- Bisogna che partiamo. Bisognava che partissimo.

Zisome kwa jozi, kushoto kwenda kulia, mpaka badiliko liwe mazoea. Vitenzi vinavyoleta hali hii ni vya kutaka, kutumaini, kudhani, kuogopa, kufurahi, kushangaa, na vya ulazima.

Kosa la upande wa pili ni kuweka fosse kila mahali kwa sababu tu umeona che. Vitenzi vya uhakika havitaki congiuntivo: sapevo che era malato, ho visto che era aperto, ha detto che era stanca. Ulijua, uliona, uliambiwa, hakuna dhana. Lakini pensavo che fosse malato, kwa sababu ulidhani tu. Kwetu "nilijua ni mgonjwa" na "nilidhani ni mgonjwa" zina kitenzi kile kile baada yake, kwa hiyo tofauti hii lazima uitafute kwa makusudi.

Hatua ya 7: Vorrei che

Kitenzi cha kutaka kikiwa kwenye condizionale, kinachofuata ni congiuntivo imperfetto, hata kama jambo ni la sasa au la kesho:

- Vorrei che tu mi aiutassi. Ningependa unisaidie.
- Mi piacerebbe che restaste a cena. Ningefurahi mkibaki mle nasi chakula cha jioni.
- Preferirei che non fumasse qui, signora. Afadhali usivute sigara hapa, mama.
- Sarebbe meglio che parlasse con il medico. Ingekuwa vizuri aongee na daktari.

Wengi huandika "vorrei che tu mi aiuti", kwa kuwa kwa Kiswahili "unisaidie" haina dalili ya wakati uliopita. Shika hivi: voglio che huenda na aiuti, vorrei che huenda na aiutassi. Sentensi ya pili ni ya upole zaidi. Kwa mtu anayeishi au kufanya kazi na Waitaliano ndiyo atakayoihitaji mara nyingi.

Hatua ya 8: Kiima ni kimoja au viwili?

Kabla ya kuandika che, tazama nani anatenda kila upande. Wakiwa wawili, tumia che na congiuntivo. Akiwa mmoja, tupa che, tumia infinito:

- Pensavo che Anna avesse la febbre. Nilidhani Anna ana homa.
- Pensavo di avere la febbre. Nilidhani nina homa.
- Volevo che voi partiste. Nilitaka mwondoke.
- Volevo partire. Nilitaka kuondoka.

"Pensavo che io avessi la febbre" ni kosa ambalo hata mwanafunzi mzuri hulifanya, maana Kiswahili hakina shida na "nilidhani kwamba nina".

Hatua ya 9: Maneno yanayoita umbo hili

Come se ni "kana kwamba", na huchukua imperfetto au trapassato, kamwe si presente: mi guardava come se mi conoscesse, alikuwa ananitazama kana kwamba ananijua. Kitenzi kikuu kikiwa cha sasa pia haibadiliki: parla come se sapesse tutto.

Magari mwanzoni mwa sentensi ni laiti: magari piovesse! Laiti mvua ingenyesha! Lakini magari domani piove ni "labda kesho itanyesha". Kitenzi ndicho kinachokuambia ni ipi.

Benché, sebbene, prima che, senza che, affinché na purché huita congiuntivo, na sentensi ikiwa ya wakati uliopita huwa imperfetto: benché fosse tardi, il mercato era aperto, è uscita senza che nessuno la vedesse, abbiamo comprato l'acqua prima che arrivasse il traghetto. Anche se hukaa peke yake: kwa jambo la kweli hutumia kitenzi cha kawaida (anche se era tardi, ingawa ulikuwa usiku), na kwa la kufikirika hutumia umbo letu (anche se fosse tardi, ti chiamerei, hata kama ungekuwa usiku ningekupigia).

Jipime

Tafsiri hizi bila kutazama juu. Tatu ni mitego.

1. Tungejua njia, tusingeuliza.
2. Nilitaka mnisubiri.
3. Ukimwona Maria, mwambie.
4. Nilidhani nimechelewa.
5. Ningependa uongee polepole.
6. Anapika kana kwamba anangoja watu ishirini.
7. Nilijua kwamba duka limefungwa.
8. Laiti wangekuwa hapa!

Majibu: 1. Se sapessimo la strada, non chiederemmo. 2. Volevo che mi aspettaste. 3. Se vedi Maria, diglielo (mtego: ni -ki-, jambo linalowezekana). 4. Pensavo di essere in ritardo (mtego: kiima kimoja). 5. Vorrei che tu parlassi piano. 6. Cucina come se aspettasse venti persone. 7. Sapevo che il negozio era chiuso (mtego: ulijua). 8. Magari fossero qui!

Ukikosa ya 1 au ya 8, rudi kwenye maumbo, hatua ya 1 hadi 3. Ukikosa ya 2, 5 au 6, rudia hatua ya 6, 7 na 9 kwa mfuatano huo. Ukinaswa na mitego, maumbo unayajua. Kinachokosekana ni kusoma sentensi ya Kiswahili kwa makini kabla ya kuanza kuibadilisha.

Ukikwama

*Ninaijua kwenye karatasi, lakini nikiongea inatoka "se avrei".* Acha kujifunza maumbo zaidi. Chagua vianzio vitatu, se fossi, se avessi, se potessi, na kwa muda fulani kila sharti lako lianze na kimoja kati ya hivyo. Mdomo hujifunza kwa kurudia vichache, na vitenzi vingine vitaingia vyenyewe kwenye nafasi hiyo.

*Nimesikia Mwitaliano akisema "se lo sapevo, non venivo". Mbona hakutumia saputo wala venuto?* Alikuwa anasema "ningalijua, nisingalikuja" kwa imperfetto ya kawaida pande zote mbili. Ni lugha ya mazungumzo, imeenea, na hakuna atakayekushangaa ukiisema mezani na marafiki. Kwenye mtihani, barua ya kazi au insha, andika se l'avessi saputo, non sarei venuto. Waitaliano wenyewe wana maswali mengi kuhusu congiuntivo, na Accademia della Crusca ya Firenze, iliyoanzishwa mwaka 1583, imekuwa ikiwajibu kwa miaka mingi.

*Bosi wangu Roma huwaambia wateja "dicesse" na "venisse, signora".* Ni desturi ya Roma na ya kusini: congiuntivo imperfetto ikitumika kama amri ya adabu. Ielewe ukiisikia. Wewe sema dica na venga, zinazokubalika Italia nzima.

*Foste, faceste, parlaste: nimeziona pia kwenye passato remoto. Nitazitofautishaje?* Kwa voi maumbo hayo mawili yanafanana kwa kila kitenzi. Tazama kilicho mbele: se, che ya kudhani au kutaka, come se, benché, hapo ni congiuntivo. Katika masimulizi matupu, kama vile partiste all'alba, mliondoka alfajiri, ni passato remoto.

*Niandike "speravo che venisse" au "speravo che sarebbe venuto"?* Zote mbili ni sahihi kwa jambo ambalo lilikuwa bado halijatokea. Ya pili inaonyesha wazi zaidi kwamba kuja kulikuwa mbele. Kwa volevo che usijiulize: ni venisse tu.

*Nafanya mtihani wa B1 kwa ajili ya uraia. Nahitaji yote haya?* Tangu Desemba 2018 sheria ya Italia inawataka waombaji wengi wa uraia wawe na cheti cha B1, na wengi hukipata kupitia CILS ya Siena, CELI ya Perugia au PLIDA. Kwa ngazi hiyo shika imara hatua ya 1 hadi 5, pamoja na vorrei che. Ukiwa unalenga B2, au unakwenda kusoma chuo kikuu, hatua ya 6 na ya 8 ndizo zitakazokupa alama katika uandishi, kwa hiyo zifanyie mazoezi kwa kuandika, aya moja kwa siku, ukieleza ulichokuwa ukidhani, ukitaka na ukiogopa ulipokuwa mdogo: pensavo che, volevo che, avevo paura che. Mpe mwalimu au rafiki Mwitaliano akusahihishie vitenzi peke yake, mengine ayaache.